Wanne Niliowaondoa kwenye Mashine Yako

Rumonge, Jumapili, tarehe 20 Novemba 2022. Mvua imekatika saa kumi na mbili asubuhi. Milima ya Kongo haionekani, mawingu yameikalia. Ziwa limetulia, rangi yake ya majivu.

Mama Mkubwa,

Unajua huwa naanza hivyo kila siku kwenye kaye yangu, lile daftari: tarehe, hali ya hewa, kisha mambo yaliyotokea, na mwisho saa ya kuoga na ya kulala. Leo nimeandika tarehe na hewa, kalamu ikasimama. Mambo ya leo ni yako kuliko ya kaye. Nimechana ukurasa, nakuandikia wewe.

Kwanza habari ndogo. Baba Sefu jirani bado anashona, na bado analalamika kwamba uzio wake haujarudi kama ulivyokuwa. Paka wako amezaa mara mbili. Pale nyuma ya jiko nimetia saruji, chikichi hazilali tena kwenye udongo. Mashine yako ya mawese inakamua siku tatu kwa juma.

Najua hapo utakuwa umenikodolea macho. Siku tatu. Wakati wako zilikuwa sita, na Ijumaa ulikuwa unaisimamisha kwa ajili ya sala tu, kisha inaendelea mpaka Magharibi. Nimekuwa nikikwepa kukuambia hilo hata kaburini, kila nilipokuja kung'oa majani. Nilikuwa nakusomea dua, nakupa salamu za watu, naondoka haraka kama mtoto aliyevunja sahani.

Basi nianze tangu mwanzo, kwa utaratibu, maana wewe ndiye uliyelipa minerval yangu, ada ya sekondari pale lise, miaka sita ili nijue kuweka mambo kwa utaratibu.

Siku watu wa afya walipopita sokoni na kipaza sauti wakisema mita moja kati ya mtu na mtu, ulikuwa umekaa mlangoni unachambua chikichi. Ulicheka. Ulisema, "Mita moja? Hawa batu hawajaona mashine yangu."

Kweli hawakuwa wameiona. Wanawake sita kwenye mti mmoja, watatu upande huu na watatu upande ule, bega kwa bega, jasho la huyu likimdondokea yule. Wanazunguka ile skurubu kubwa, mti unaishusha, chikichi zilizochemshwa zinabanwa ndani ya tungi la chuma, mawese yanatoka kwenye matundu. Na Spesi wa Kizuka anaanzisha wimbo, watano wanamjibu usoni kabisa. Sijui kama kuna chombo kingine Rumonge nzima ambacho kingeweza kugawa ugonjwa vizuri kuliko mashine yako.

Nami nilikuwa na hofu moja tu. Walisema wenye sukari ndio wanaoondoka upesi. Nilikuwa najua miguu yako ilivyokuwa imeanza kuvimba.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Kati ya wale sita, Zaina na Anjela wanakaa mtaa huu huu, nikawabakiza. Wale wanne wa Kizuka, wanaokuja kila asubuhi kwa miguu au kwa kubanana nyuma ya baiskeli, wakipitia katikati ya soko, niliwaambia wakae nyumbani kwanza. Spesi na wenzake watatu. Niliwaambia hapo uani, nimesimama mbali, kitambaa mdomoni. Nilisema, "Mpaka ugonjwa upite." Spesi alijibu kwa kile Kiswahili chake cha Tanzania, kirefu na cha adabu, alichorudi nacho kutoka kambi ya wakimbizi: "Hakuna neno, mdogo wangu. Afya ya Mama ndiyo kwanza." Akachukua kanga yake kwenye msumari, akaondoka bila kukupa mkono. Ulikuwa umezoea akushike mikono yote miwili.

Siku ile ulinigombeza mpaka sauti ikakauka. "Mariamu, mashine haisukumwi na mita. Inasukumwa na batu." Nikakujibu kwa ukali ambao mpaka leo unaniuma. Nilisema kwamba mashine nitaisukuma mimi, maiti siwezi kuisukuma. Kisha ukasema polepole, "Sawa. Lakini ikipita, utabarudisha." Nikasema ndiyo. Nililiandika neno hilo kwenye kaye siku ile ile: *Ikipita, nitawarudisha.*

Sasa wawili wangesukuma vipi mti wa watu sita? Hapo ndipo nilipoona raha ya kusoma. Nilikumbuka somo la fizike, ile habari ya leviye: ukirefusha mti, nguvu ndogo inafanya kazi ya nguvu kubwa. Nikanunua mkaratusi mrefu, mnyoofu, karibu mara mbili ya ule wa zamani. Zaina ncha hii, Anjela ncha ile. Kati yao si mita moja, ni mita nyingi. Nilijiona nimewapiga chenga watu wote, ugonjwa pamoja na watu wa afya.

Unakumbuka kilichofuata. Nilipima mti. Duara sikulipima. Walisukuma hatua kumi tu, ncha ya Anjela ikaingia kwenye uzio wa Baba Sefu na kuubeba wote, matete na nguo zilizoanikwa juu yake, mpaka suruali ya mteja wake ikaning'inia kwenye mti kama bendera. Baba Sefu alitoka na futi yake shingoni akipiga kelele, "Nyinyi iko na mashine ao iko na tingatinga?" Na wewe, Mama Mkubwa, ukiwa umelala kwenye mkeka, miguu juu ya mto, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ulisema, "Lise! Miaka sita ya lise, na ukuta wa mutu hukuona!"

Ilikuwa mara ya mwisho kukusikia ukicheka hivyo. Nashukuru mti ule uliingia kwenye uzio ule.

Tulihamisha mashine katikati ya uwanja, tukakata migomba miwili, duara likapata nafasi. Kazi ikaenda. Wiki sita baadaye ukatutoka. Haikuwa korona. Ilikuwa sukari yako ile ile ya siku zote, na hakuna mita iliyoweza kuizuia. Nimeshajiuliza mara nyingi: kama ningejua, ningewaacha wale wanne waendelee kukuimbia? Nilichokuwa najua siku ile ndicho nilichokuwa najua.

Mazishi yako hukuyaona, nikueleze. Walikuja wachache. Sheikh alisali haraka, kwa sauti ya chini. Wanawake waliokuosha walikuwa wawili badala ya watano. Spesi na wenzake walikuja kutoka Kizuka kwa miguu, lakini walisimama ng'ambo ya barabara, karibu na duka la bidoni, yale madumu matupu, vitambaa midomoni. Hawakuvuka. Nami sikuwaita. Spesi akaweka mkono kifuani, nami nikaweka wangu. Gharama ile, Mama Mkubwa, sikuiandika kwenye kaye. Sikuwa na safu ya kuiandikia.

Sasa nisikilize, maana sitaki ufikiri kwamba ile mita ilikuwa ujinga wa bure.

Miezi minne baada yako, siku ya Jumanne, Zaina aliunguza mawese. Zaina! Yule uliyemfundisha mwenyewe kusimama kando ya pipa, mawese yakichemka mara ya pili ili maji yatoke, na kunusa. Ulikuwa unasema macho yanadanganya, pua haidanganyi: harufu ya majani mabichi ikiisha na harufu ya karanga ikija, ondoa moto. Siku ile nilikuwa ndani. Niliposikia harufu ya kuungua nilitoka mbio. Nikamkuta Zaina ameinama juu ya pipa, anakoroga kwa utulivu kabisa, moshi mweusi umemzunguka kichwa. Nikamwambia, "Zaina, yanaungua!" Akaniambia, "Bado, Mariamu. Bado hayajanukia."

Hapo ndipo tulipojua. Pua yake ilikuwa imezimika. Jioni homa ikaja, na kikohozi. Alilala wiki tatu. Pipa zima lilikwenda kwa mtengeneza sabuni, maana hata yeye alikuwa anatafuta mafuta yoyote wakati ule, watu wote walikuwa wananawa.

Lakini Anjela hakuugua. Siku zote zile alikuwa kwenye ncha yake ya mti, mbali na Zaina, na kila mmoja na kikombe chake cha uji. Wale wa Kizuka hawakuugua, kwa sababu hawakuwapo. Nilifikiria wangekuwapo wote sita, bega kwa bega, Zaina akiimba nao wiki ile yote kabla hajajijua. Nililala nikishukuru. Niliamini nimefanya hesabu na hesabu imetoka.

Makosa yangu yalianza baada ya hapo.

Ugonjwa ulipita, Mama Mkubwa. Haukupita kwa siku moja yenye jina. Ndoo za kunawia zilianza kukauka milangoni, watu wakaanza kushikana mikono, halafu kukumbatiana mara tatu kama zamani. Wanunuzi wa ng'ambo ya ziwa wakarudi na mitumbwi yao. Kila mtu alijua kwamba umepita, isipokuwa mimi. Nilisema kwanza ngoja Zaina apone vizuri. Kisha nikasema ngoja msimu ukolee. Ukweli ni huu, na nauandika kwako tu: mti mrefu ulikuwa umenifundisha kwamba wawili wanaweza kazi ya sita. Posho ya wanne ilikuwa imebaki mkononi mwangu, na mkono ulikuwa umeizoea. Saruji nyuma ya jiko ndiyo hiyo.

Kisha mashine ikaanza kusimama. Mwanzoni siku moja kwa juma, kwa kukosa chikichi. Nikasema mvua imechelewa. Kisha siku mbili. Nikasema mashamba yamezeeka. Anjela ndiye aliyeniambia, amekaa kwenye ncha ya mti, hana la kufanya, anajisuka nywele: "Kizuka michikichi iko inazaa vizuri tu. Ni kwetu ndiyo hailetwi."

Nikafungua kaye za miaka mitatu. Unajua niliandika kila mkungu wa chikichi ulioingia na ni nani aliyeuleta. Nilikuwa nimeandika majina, sikuwa nimeyasoma. Ile mikungu ya Kizuka yote, karibu kila siku, ililetwa na watu wa upande wa Spesi: shemeji yake, jirani wa mwenzake, mama mkwe wa yule mwembamba aliyekuwa akisukuma upande wa kushoto. Walileta kwetu kwa sababu watu wao walikuwa kwenye mti wetu. Nilipowaondoa wanne, mikungu iliendelea kuja kwa mazoea, halafu kwa aibu, halafu ikakoma. Faida niliipata kwanza, ikanipendeza. Hasara ilikuja nyuma yake kwa miguu, polepole, kutoka Kizuka.

Ulikuwa umeniambia. Inasukumwa na batu. Nilidhani unasema kuhusu mabega.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilipanda kwenda Kizuka. Sikupeleka sukari wala sabuni. Niliona aibu kupeleka kitu. Spesi nilimkuta nje ya nyumba yake na majirani wawili, wanapukuchua maharage. Nikasema, "Amahoro, dada Spesi." Akainuka, akanipangusia benchi, nikakaa. Naye akaenda kukaa ncha ya pili kabisa ya benchi, karibu aanguke. Akasema, "Hapa mita yako inatosha, mdogo wangu, au nirudi nyuma zaidi?"

Majirani waliangua kicheko. Nilicheka pia, kisha nikalia. Spesi hana haraka ya kumnyamazisha mtu.

Nikamwambia yote, hata ya saruji. Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Sisi hatukukununia. Mtu akikuondoa kwa ajili ya ugonjwa, unangoja akuite ugonjwa ukiisha. Ulikaa kimya. Kimya nacho ni jibu." Siku hizi anasukuma kwenye mashine nyingine huko juu, siku mbili kwa juma, mti mfupi, na mgongo unamsumbua.

Nikauliza walivyoishi ule mwaka wa kwanza. Akaniambia mambo mawili kwa pumzi moja. Binti yake wa pili alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule, kwa sababu ile posho ya mawese ndiyo iliyokuwa ikinunua kaye na yunifomu. Sasa amerudi, na ni mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Na mama yake mzazi, yule bibi wa kifua kibovu, yuko hai, yuko ndani, analala. "Nilisikia habari za Zaina," alisema. "Nami kitanda nalala kimoja na mama. Ningemletea nini jioni ile?" Kisha akakung'uta maganda kwenye kanga yake. "Kwa hiyo sijui nikulaumu au nikushukuru. Nimeamua nifanye yote mawili."

Mama Mkubwa, nimetafuta miaka miwili hesabu ya jambo lile. Alikuwa nayo Spesi.

Tulizungumza mpaka jua likaelekea ziwani. Masharti ni yake, mimi nilikubali tu. Mti mrefu ubaki, maana ameambiwa na Anjela kwamba hauvunji mgongo. Mti mfupi wa bega kwa bega hautarudi, na vikombe kila mtu na chake. Hata kipindupindu cha msimu wa mvua kimetupita uani tangu tulipoacha kunywa kwenye kikombe kimoja. Watu watakuwa sita tena, lakini watatu asubuhi na watatu mchana: wawili kwenye mti, mmoja kwenye pipa. Na kwenye pipa, asubuhi, atasimama Spesi, kwa sababu pua ya Zaina imerudi nusu tu. Anasikia sabuni na kitunguu. Mawese bado hapana. Zaina amekubali kwenda kwenye mti bila ugomvi. Nilipomwambia jana alisema, "Afadhali. Nimechoka kuuliza batu kama yameiva." Kisha akageuka ukutani kidogo. Usiache kumwombea.

Kuna sharti moja ambalo Spesi hakulitaja. Nililitia mimi, na nililisema mbele ya wale majirani ili nisiweze kulikana. Ugonjwa mwingine utakuja. Huku ziwani haukosi njia. Ukija, nitamwambia mtu akae nyumbani, na safari hiyo sitasita wala sitaona haya, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba kukaa mbali kunaokoa watu. Lakini sehemu yake ya mawese itapanda Kizuka kila Jumamosi, hata kama hakusukuma hatua moja. Kukaa mbali ni kazi. Tuliifanya wote, na walioilipia ni wanne.

Spesi aliokota haragwe lililoanguka chini. Akasema, "Hilo Mama yako angelisema kwa maneno machache zaidi." Nikakubali.

Basi kesho, Jumatatu, wanakuja wote wanne. Shemeji yake Spesi amesema ataleta mikungu ya kwanza saa moja kwa baiskeli. Nimeosha mapipa. Nimepaka skurubu mafuta. Nimepiga misumari minne mipya ukutani kwa ajili ya kanga zao. Baba Sefu amechungulia juu ya uzio akauliza kama mti ule umepimwa leo. Nimemwambia njoo upime mwenyewe, na amekuja kweli, na futi yake ya kushonea, akazunguka uwanja mzima ameinama. Amesema inatosha.

Nilikukosea kwa mwaka mzima, Mama Mkubwa. Siombi unisamehe kwa barua. Nitakuja kaburini Ijumaa na wote sita, na wao ndio watakaosema. Pumzika. Neno uliloniachia nimelishika, na nililoliongeza nitalishika pia, hata siku ambayo halitakuwa na faida kwangu.

Mwanao,
Mariamu

Kuoga saa mbili. Nalala saa tatu na dakika arobaini.